Mume wa Mlangoni

Wasafiri wa njia ya Nan mjini hadi mji mdogo wa Pua, kule milimani, wote wanamjua Lamduan. Ni yule mama mnene kiasi, mwenye kofia ya kitambaa cha maua, anayeendesha kibasi cheupe chenye kibandiko nyuma kinachosema: "Gari hili ni la waridi." Wala usimcheke. Lamduan alizaliwa Jumanne, na kwa imani ya kule nyeupe haipatani na watu wa Jumanne. Wauzaji walikuwa na vibasi vyeupe tu, kwa hiyo akafanya kama wafanyavyo wenzake, akaliambia gari rangi yake kwa maandishi.

Sasa, wivu wa Lamduan ulikuwa na jina, na jina lenyewe ni Pikun.

Walinunua vibasi vyao wiki moja, duka moja, vya aina moja. Mtawa mmoja ndiye aliyevibariki vyote viwili, akavichora alama kwa unga mweupe juu ya vioo. Lakini toka siku hiyo, gari la Pikun lilikwenda kama maji mteremkoni, na la Lamduan likawa mgonjwa wa kudumu. Leo taa ya injini inawaka bila sababu, kesho kipoza hewa kinapuliza joto. Hayo angeyavumilia. Asiloweza kulivumilia ni mlango wa pembeni, ule wa kuburuta. Gari likipanda mlima na kukata kona, mlango ulifunguka wenyewe, taratibu, kama mtu anayechungulia.

Mara ya kwanza ulifunguka kwenye kona ya wauza maboga. Mfuko wa mchele wa abiria ukatoka nje na kupasukia barabarani. Fundi akakaza skrubu. Mlango ukafunguka tena. Akaenda kwa wauzaji, na kijana wa shati lililopigwa pasi akamwambia kwa upole, "Mama, wewe ndiye mwenye gari wa kwanza kutuletea habari hii. Huenda unaubamiza."

Wa kwanza. Neno hilo lilimkaa rohoni kama mwiba wa samaki kooni. Maana yake wa Pikun ulikuwa mzima.

Akaanza kumchunguza Pikun. Akaona kwamba kwenye kioo cha ndani Pikun hutundika mashada ya yasmini mazito kuliko yake, basi naye akanunua mazito zaidi. Akaona kwamba Pikun humwekea Mama Mlinzi, yule roho anayekaa kwenye kila chombo cha safari, soda nyekundu yenye mrija. Lamduan akaweka mbili. Mlango haukujali. Mwishowe akachukua kikoi cha mumewe cha miraba, akawa anafunga kitasa cha ndani na mguu wa kiti kila baada ya abiria kupanda, kisha anafunika fundo kwa mtandio. Aliyeuliza aliambiwa, "Mama Mlinzi anapenda mapambo."

Hakumwambia mtu. Kwanza, abiria wangehamia kwa Pikun wote. Pili, na hili ndilo zito, hakuna mwenye gari kule anayelisema gari lake vibaya. Mama Mlinzi ana masikio. Ukikitukana chombo chake, anakwenda zake, na wewe unabaki na bati na matairi.

Hata hivyo, kilichomuuma zaidi si gari. Ni Insorn, mume wa Pikun.

Insorn alisafiri na mkewe kila safari. Kila safari, jua na mvua. Alikaa kiti kile kile cha mlangoni, mkono mmoja ameuegemeza kwenye kitasa, na Pikun akimtupia macho kwenye kioo. Mume wa Lamduan alikuwa Bangkok akijenga maghorofa ya watu, akirudi kwa mwaka mpya tu, na akirudi alilala. Basi Lamduan akiwaona wale wawili stendi, mmoja anafuta kioo na mwingine anamshikia chupa ya maji, moyo ulimfukuta.

"Wanapendana kama vifaranga," Sawat, mpanga foleni wa stendi, alipenda kusema.

"Hana kazi yule," Lamduan alimjibu. "Mwanamume mzima anabebwa kama mzigo."

"Ungebebewa wako ungefurahi, dada."

"Panga foleni yako, Sawat."

Ikaja asubuhi moja, msimu wa malai, yale matunda mekundu ya majira ya joto, na Pikun akafika stendi peke yake. Habari zikaenea kabla hajazima injini: Insorn kaumwa na tandu, mguu umevimba kama boga, yuko kitandani. Lamduan, aliyekuwa wa pili kwenye foleni, aliona raha fulani ikimpanda kutoka tumboni. Leo na wewe utajua kusafiri peke yako.

Abiria wakajaa upesi. Kiti cha Insorn akakipata Bibi Khamnoi, mwembamba kama ufito, amepakata tenga la malai ya kumpelekea bintiye.

"Siku zote nakililia kiti hiki," bibi akasema. "Kina upepo. Yule mumeo amekiganda kama kupe, mwanangu."

Pikun hakucheka. Alikuwa ameinama mlangoni, anafunga kitu. Lamduan akajisogeza, kama mtu anayenyoosha miguu, akachungulia dirishani.

Kilikuwa kikoi cha miraba. Kutoka kwenye kitasa hadi mguu wa kiti.

Alisimama pale ameganda. Fundo lilikuwa la mtu asiyezoea, la haraka haraka, na Lamduan, ambaye vidole vyake vilikwishajifunza mafundo yote, aliona palepale kuwa halitafika mbali. Kibasi kikaondoka. Na hapo mambo yakajipanga kichwani mwake moja baada ya jingine: ule mkono uliokaa kwenye kitasa, yale macho ya Pikun kwenye kioo. Miaka yote hiyo alikuwa amemwonea gere mwanamke mwenzake kwa sababu ya mtu anayeshikilia mlango.

Nitakuambia ukweli, kwa kuwa mwenyewe husimulia bila kuficha: alichohisi kwanza ni furaha. Haikuwa inampasa kufanya lolote. Angekaa tu, ale wali wake wa kunata na soseji, na kabla ya saa sita njia nzima ingejua kwamba gari la Pikun nalo ni bovu. Akakaa kweli. Akafungua wali, akafinyanga tonge. Kisha akaiona ile kona ya wauza maboga, na mchele ukimwagika, na mahali pa mfuko akamwona Bibi Khamnoi na miguu yake ya ufito.

Tonge likarudi kwenye jani.

"Dada, viti havijajaa," Sawat akapiga kelele.

"Havijajaa, najua."

Akaondoka na abiria wawili tu: mwalimu mmoja, na Fongchan, mshonaji, ambaye nyumbani ni jirani wa Bibi Khamnoi. Aliendesha kama hajawahi kuendesha. Alipokiona kibasi cha Pikun mbele, akapiga honi, akawasha na kuzima taa. Pikun akaongeza mwendo.

Akapiga honi tena. Pikun akazidi kukanyaga mafuta.

"Anadhani unataka kumpokonya abiria wa mbele," mwalimu akasema, ameshika kiti kwa mikono miwili. "Hata mimi nadhani hivyo."

Na kwa nini asidhani? Si ndivyo Lamduan alivyomfanyia mara ngapi? Kila honi aliyopiga ilikuwa inamsukuma yule bibi kwenda konani kwa kasi zaidi. Basi akafanya jambo ambalo hakuwahi kulifanya kwenye njia ile. Akaondoa mguu kwenye mafuta. Akamwacha Pikun ashinde, tena mbele ya macho ya watu.

"Fongchan," akasema, "una namba ya bibi? Mpigie. Mwambie ahame kiti."

Fongchan akapiga, akaweka sauti ya nje.

"Nani huyo?" bibi akauliza.

"Ni mimi, bibi. Dada Lamduan anasema uhame hapo mlangoni."

"Mwambie Lamduan nimelipa nauli ya Pikun."

"Bibi, ni hatari."

"Hatari gani na huu upepo mzuri? Wivu wa huyo mwanamke sasa umefika mpaka kwenye makalio yangu."

Mwalimu akageukia dirishani kuficha kicheko. Lamduan akainama kuelekea simu. "Bibi Khamnoi, mimi ni mwenye wivu, sawa. Lakini mlango huo hauna kitasa cha kuaminika. Wangu uko vivyo hivyo. Nakuomba, mama yangu."

Katika miaka yake yote Lamduan hakuwahi kuyasema hayo ndani ya gari lake, na macho yake yalikwenda kwenye mashada, kama anayengoja kupigwa kofi.

"Haya, nahama," bibi akanung'unika. "Lakini tenga linabaki, zito."

Walipoikata kona ya wauza maboga, barabara ilikuwa nyekundu. Malai yalikuwa yametapakaa kote, mengine bado yanabingirika kuelekea mtaroni. Kibasi cha Pikun kilikuwa kimesimama pembeni, mlango wazi kabisa, kikoi kinaning'inia. Bibi Khamnoi alikuwa kiti cha nyuma, ameshikwa na abiria wawili, anayalilia malai yake kwa sauti. Mzima.

Pikun alikuwa amekaa kwenye majani.

"Umefurahi?" akamuuliza Lamduan bila kuinua kichwa.

"Kidogo," Lamduan akasema. "Hapo stendi. Sasa hivi, hapana."

Pikun akamshika mkono, akamvuta mbali, nyuma ya vibanda vya maboga, mpaka magari hayakuonekana. "Hapa Mama Mlinzi hatatusikia," akanong'ona. "Mlango wangu umeanza tangu mwezi ule ule tuliponunua. Insorn ameacha shamba kwa ajili ya mlango ule. Bega lake limeharibika. Nilikwenda kwa wauzaji, wakaniambia mimi ndiye wa kwanza."

"Hata mimi niliambiwa ni wa kwanza."

Ndipo Pikun akamwachia mkono.

"Mimi nikikuona unakwenda peke yako," Pikun akasema, "najiambia, huyu gari lake ni zima, hahitaji mtu."

Lamduan alitaka kucheka, lakini alichosema ni, "Na mimi nilidhani mumeo anakupenda tu."

Wauzaji walipowaita wenye magari hekaluni ili kusikiliza malalamiko yao, kila mtu alijua kitakachotokea: watu wangekunywa chai, wakasifu magari yao, wakaenda zao. Lakini safari hii Lamduan na Pikun walisimama njiani tangu asubuhi, wakimwambia kila anayekuja aegeshe upande wa pili wa mianzi, mbali, aje kwa miguu. Watu wakaja kwa miguu, wanachungulia nyuma. Ndani ya ukumbi Lamduan akasimama wa kwanza, akasema habari ya mlango. Pikun akafuata. Kisha Uthai wa njia ya Wiang Sa, mtu asiyesema, akainua mkono na kusema wake umefungwa kwa mnyororo wa baiskeli. Baada ya hapo haikuwezekana tena kuwanyamazisha. Kijana wa shati lililopigwa pasi alifuta jasho. Vitasa vyote vilibadilishwa, bila malipo, kabla ya mvua kuanza.

Siku kibasi cha Pikun kiliporudi na kitasa kipya, Lamduan aliwahi stendi. Hakujisumbua kujiuliza kwa nini. Alitaka kukiona kile kiti cha mlangoni kitupu, mara moja tu, roho itulie.

Kibasi kikaingia. Insorn alikuwa palepale. Mkono haukuwa kwenye kitasa tena. Alikuwa anamenya malai, anayatoa kokwa, na kumpitishia mkewe moja moja kwa mbele.

"Bega limepona, shemeji?" Lamduan akauliza.

"Limepona kabisa."

"Na shamba?"

"Shamba lipo," Insorn akasema, akamenya jingine.

Lamduan akarudi kwenye gari lake la waridi, akaufunga mlango, nao ukafungika vizuri sana, mara ya kwanza. Akatoa simu, akampigia mumewe Bangkok. Ilipopokelewa, kabla hata ya salamu, akamuuliza kile kikoi chake cha miraba anakitaka lini, maana yeye hana kazi nacho tena, na mwenyewe aje akichukue.