Mimi Njo Nilibadilisha Jina ya Mwizi

Bandugu wasomaji, kosa ni yangu. Huku kwetu mutu akiulizwa makosa yake ya ile miaka, anajibu tu "ilikuwa vita," kisha anaomba chai. Hapana! Vita ilifanya yake. Mimi nilifanya yangu, nikiwa nimekaa ku kiti, tumbo imeshiba.

Jina yangu nitakupa, na bado hautanijua: niko Kambale. Kwetu Banande jina inafuata namna mulizaliwa. Kijana wa pili ni Kambale, wa tatu ni Kasereka. Ita "Kambale!" mu soko ya Musienene, uone vichwa ngapi vitageuka. Unitafute basi. Kazi njema!

Ile wakati ya vita nilikuwa ninapiga machine ya kuandika Butembo, mu chumba kidogo pembeni ya soko. Barua za kuomba kazi, matangazo ya kifo, malalamiko juu ya mipaka ya shamba. Masomo yangu iliishia mwaka ya pili ya secondaire, lakini vidole vyangu vilisoma kunipita.

Mutu mumoja tu njo alikuwa ananiletea kitu ya kucheka: Mwalimu. Bote tulimuita vile. Alianza kuandika akingali mwanafunzi, barua za mapenzi kwa bale baliogopa kalamu. Halafu michezo ya Noeli ya parokia. Halafu roman, hadisi ndefu, daftari za cahier kumi na moja, ikatembea nyumba kwa nyumba mupaka Kalunguta, ikarudi na mafuta ya mawese ku kila ukurasa. Yale mafuta ilimufurahisha. Aliniambia: "Kitabu safi ni kitabu hakuna mutu alisoma."

Sasa ikafika scénario, maandiko ya film. Mupiga picha wa ndoa, kule mutaa ya Rughenda, alikubali kumuazima camera yake siku tatu. Film! Film ya kwetu, mu luga yetu! Mwalimu alikuwa sawa baba anangojea muzaliwa wa kwanza.

Hadisi ilikuwa hii: batu bamekimbia vita, mwizi anaiba ngoma ya kanisa, anaificha chini ya kitanda. Lakini kila akikoroma, ngoma inamuitikia. Vuum. Anaamuka: "Nani?" Kimya. Analala. Vuum. Nilicheka mupaka nikapiga herufi mbaya.

Shida moja tu: mwizi aliitwa Kambale.

Ndugu yangu mudogo akaingia, akasoma juu ya bega yangu.

"Ee yaya, mukubwa wangu! Kumbe bamekuandika!"

"Wende kwako."

"Na kukoroma ni kwako kabisa!"

Akatoka akikoroma njia muzima: vuum, vuum. Asubuyi yake mama wa mandazi ananipokea na, "Kambale, ngoma ya Mungu uliweka wapi?" Aibu! Miye mutu wa kuimba mu chorale!

Sasa ndugu yangu, kwa kuwa ananifuata, ni nani? Ni Kasereka. Unaona mulango shetani aliingilia.

Nilitoa Kambale, nikaweka Kasereka. Ukurasa kwa ukurasa, nikicheka peke yangu. Kopi ya pili haikukuwa, sababu njia zilifungwa na karatasi ya carbone haikuwa inafika. Na ili Mwalimu asikuje kulinganisha, cahier yake ya scénario niliwasha nayo mbabula, jiko yangu ya makala, maana makala ilikuwa mubichi. Nilipika maharagwe.

"Cahier?" aliniuliza.

"Iko kwangu, Mwalimu. Nimeitunza."

Bongo, uongo mutupu! Na nilisema nikimuangalia mu macho.

Ile miaka barebelle, waasi, njo balikuwa serikali yetu, na bureau zao kubwa zilikuwa Beni. Bila cachet yao, muhuri ya ruhusa, hauwezi kukusanya batu kwa film. Mwalimu akaniambia tuende bote, chef akiuliza kitu ya machine nijibu. Nilimupa makaratasi asubuyi ya safari, nimefunga mu sachet ya plastiki vumbi isiingie. Hakufungua. Aliniamini, bandugu! Mimi!

Chef wa ile bureau alisoma mbele yetu. Niseme haki: alisoma vizuri. Kufika ku ngoma, akacheka mupaka akafuta machozi. Mwalimu akaanza kuvimba sawa mukate. Halafu chef akaacha kucheka.

"Mwandishi. Huyu mwizi, Kasereka, ni nani?"

Mwalimu akashituka. "Kasereka?"

"Miye ni Kasereka. Planton, mutumishi pale ku mulango, ni Kasereka. Chauffeur wa kuendesha gari yangu ni Kasereka. Uliamua kutukana bureau muzima?"

Planton akakohoa. Mwalimu aliniangalia. Miye niliangalia dirisha. Hapo nje kulikuwa kuku, niliisoma ile kuku sawa gazeti.

Chef akaendelea kufungua. "Na huku, ukurasa ya makumi tatu na moja: 'Kambale anafungua mulango.' Huyu naye anatoka wapi?"

Ukurasa moja! Moja tu nilisahau! Mwalimu akachukua karatasi, akasoma ile mustari, akaniangalia tena. Akajua. Angesema tu, "Chef, ni huyu wa machine," angetoka huru. Na zile siku, kuingia mu mikono yao haikukuwa muchezo. Batu waliingia kwa kitu kidogo kuliko hii.

Akasema: "Kosa ni yangu, chef. Nilichanganya majina."

Walimuweka ndani siku mbili. Haki tena: hawakumupiga, na chef alimutumia chai. Lakini makaratasi iliingia mu tiroir, saraka ya meza yake, na ile tiroir haikufunguka tena.

Nilimungojea inje. Alitoka shati imekunjana, na alikuwa anacheka!

"Usiogope, Kambale. Chef amesema nimuletee ingine, bila Kasereka. Cahier si iko kwako? Utapiga upya."

Nilimuambia palepale mu barabara ya Beni, camion zikipita. Mbabula. Makala mubichi. Maharagwe.

Mwalimu akauliza, polepole:

"Iliiva?"

"Nini, Mwalimu?"

"Maharagwe."

"Iliiva."

"Basi ilisaidia mutu."

Afazali angenipiga kofi! Nikajitetea sawa mujinga: "Lakini Mwalimu, nawe juu ya nini uliniita mwizi?"

"Wewe?" Akanishangaa. "Miye njo Kambale. Niko wa pili kwa baba yangu. Niliweka jina yangu mwenyewe, ili hakuna mutu akasirike."

Eee Mungu wangu! Miaka yote "Mwalimu, Mwalimu," sikufikiri siku moja kama mama yake alimuita jina.

Alijaribu kuandika upya. Ngoma ilikataa. Alisema anakumbuka vuum, lakini hakumbuki kimya ya katikati, na kimya njo ilikuwa inachekesha. Siku tatu za camera zikapita, mupiga picha akakimbia vita nayo. Mwalimu akakaa muda murefu bila kugusa kalamu. Kila nikimuona anapita soko mikono mitupu, nilijificha nyuma ya machine.

Kisha, vita ikingali, mupiga picha akarudi na camera, na Mwalimu akaingia kwangu na cahier mupya. Mwizi wa safari hii anapiga machine. Anachoma kazi ya mutu, anapikia maharagwe.

"Jina yake?" niliuliza.

"Kambale."

"Wewe ao miye?"

"Hii mara ni wewe. Na utacheza wewe mwenyewe."

Nilipiga yote, herufi kwa herufi, na cahier nikamurudishia mu mikono. Hii mara cachet ilipatikana, nikacheza. Tulionyesha film mu salle, ukumbi ya parokia, mchana, madirisha imefunikwa na mablanketi. Ku film, nilipowasha mbabula na cahier, mama moja akasimama: "Apigwe huyo!" Salle yote ikaitika. Ndugu yangu Kasereka njo alipaza sauti zaidi. Mupaka leo, nikipita soko, "Mwizi!" Ninaitika. Ni yangu.

Film ilipendwa. Lakini miye peke yangu nilisoma zote mbili, nami niseme haki: ile ya ngoma ilikuwa nzuri kuipita. Hakuna mutu mwingine ataijua. Nilikula nayo, bila ata chumvi ya kutosha.

Basi weye unayepewa maneno ya mutu kupiga ao kusoma, ukikuta mwizi ana jina yako, cheka, geuza ukurasa. Usishike kiberiti!

Ni miye, Kambale. Hapana yule wa kuandika. Yule wa maharagwe.