Boti Iliyoambiwa Imekufa

Kuluthumu binti Khamisi wa Likoni alijulikana kwa nguo. Kwa miaka kumi na miwili alinunua fulana na sare za shule katika maduka ya jumla ya Zhanqian, jijini Guangzhou, Uchina, akazisafirisha Mombasa kwa kontena. Kwa hiyo mwezi wa Aprili, alipoonekana Panyu, pembezoni mwa jiji hilo, kwenye karakana ya boti kando ya mto, amevaa barakoa na buibui lililojaa vumbi jeupe la faiba, wafanyabiashara wenzake walipata la kuzungumza.

Boti ilikuwa ya kuvulia samaki, urefu futi ishirini na mbili, imetelekezwa chini ya turubai. Mwenye karakana, bosi Liang, ambaye kila mtu alimwita Laoban, alimwachia kwa sharti moja: Ijumaa ya mwisho wa mwezi uwanja utasafishwa, na boti itakayokuwa haijawa tayari kuondoka itakatwa kwa msumeno.

Kazi hiyo Kuluthumu hakuianzia Uchina. Marehemu baba yake alikuwa fundi wa boti za faiba huko Likoni, na yeye ndiye aliyemkorogea gundi ya resini tangu darasa la tano. Baba alipofariki, Burhani, mdogo wake Kuluthumu, aliichukua karakana, akabadilisha kufuli. Aliposikia habari za Panyu akampigia simu.

"Dada, faiba si hina. Usijichoree."

"Hina ya maharusi ndiyo iliyonipa mkono usiotetemeka, mdogo wangu. Wako hata kikombe unakimwaga."

"Haya, tutaona."

"Utaona. Nitaishusha mbele ya mlango wako."

Nyufa zilikuwa kumi na saba. Alizizungushia chaki, akazipa namba, akazisaga mpaka kwenye faiba nzima, akazibandika upya moja baada ya nyingine. Hewa ya Guangzhou msimu huo hufanya hata kuta zitoke jasho, basi akaizungushia boti nailoni na kuiwekea feni mbili. Mambo yakaenda vizuri mpaka kwenye rangi.

Rangi ya aina ile haikauki bila dawa yake ya kugandisha. Mkebe ulikuwa umebanduka karatasi ya maelezo, akamuuliza Laoban: sehemu ngapi za rangi kwa moja ya dawa?

"Si," akajibu Laoban.

Kwa Kichina cha darasani, nne ni *si* na kumi ni *shi*. Lakini wenyeji wengi wa Guangzhou hawahangaiki na hiyo *sh*, na Kuluthumu alishaumia: aliwahi kuletewa mafurushi kumi alipodhani wameelewana manne. Tangu siku ile alijiwekea kanuni kwamba mwenyeji akisema *si*, ni kumi. Jumatatu akachanganya kumi kwa moja, akaipaka boti nzima buluu.

Jumatano ilikuwa bado inanata. Tony, wakala wa mizigo kutoka Nairobi, alikuwa amekuja kuipima kwa ajili ya kontena. Laoban aliigusa ubavuni mbele yao, kidole chake kikaacha alama. Akatikisa kichwa.

"Si le."

"Anasema imekufa, mathee," Tony akatafsiri. "Wacha tu. Kontena tutajaza nguo, kama kawaida."

"Wewe umeleta futi ya kupimia, au umeleta sanda?"

"Futi."

"Basi pima."

Tony akapima. Kuluthumu alibaki ameukodolea macho mkebe. *Si*. Kwa mzee huyu kila kitu ni *si*. Akainuka, akamwinulia Laoban mkebe wa dawa kwa mkono mmoja na kumtandazia vidole vya mkono wa pili. Ngapi?

Laoban akainua vidole vinne.

Kuluthumu alivitazama, kisha akajisonya mwenyewe. "Ujanja wangu umenila."

"Na Ijumaa ni kesho kutwa," Tony akamkumbusha.

"Kesho kutwa ina kesho mbele yake."

Alasiri ile aliikwangua rangi yote kwa tina ya kuyeyushia rangi na kisu cha puti, mpaka ushungi wake ukawa wa buluu kuliko boti. Alhamisi asubuhi akapiga msasa. Adhuhuri akachanganya nne kwa moja, akapaka.

Ijumaa, Laoban alipofika na watu wawili na msumeno, alimkuta ameketi juu ya ndoo, brashi nyembamba mkononi. Laoban akabonyeza ubavu kwa kucha. Akabonyeza kwa ufunguo. Haikuingia alama. Akazunguka mpaka mbele, kwenye omo, ambako palikuwa na maandishi meupe, yanaanza membamba na kunenepa kama hina kwenye mguu wa bi harusi. Akayasoma.

"Si... le." Akaangua kicheko, akawaita wenye msumeno waje waone: hata mwenyewe anakiri imekufa!

Kuluthumu akachovya brashi. Mbele ya macho yao akaongeza herufi ya mwisho, O iliyofunga mviringo wake barabara.

"Tony, msomee."

"Si leo," Tony akasoma. Akafikiri kidogo, kisha akamwambia Laoban kwa Kichina: leo haifi.

Laoban aliutazama ule mviringo. Halafu akawaambia watu wake waweke msumeno chini, washike ubavu wa pili.

Tony akatoa simu apige picha ya kumtumia Burhani.

"Irudishe mfukoni," Kuluthumu akamwambia. "Nilimwahidi mlango, sikumwahidi picha. Haya, inueni! Na atakayenikwaruzia rangi yangu ataipaka yeye."