Shikamoo ya Bosi

Scholastika alikuwa na umri wa kumzaa Hashimu, lakini kila asubuhi yeye ndiye aliyemwamkia. Ilikuwa amri. Hashimu alipoletwa kuwa meneja wa kile kiwanda kidogo cha viungo mjini Morogoro, alitangaza kwamba pale hakuna mama wala bibi, kuna bosi tu; shikamoo ni yake peke yake, wengine waache kupotezeana muda. Kijana hana hata haya! Wanawake wenye mvi wakimwamkia, anaitikia "marahaba" macho yakiwa kwenye simu.

Kazi yenyewe ilikuwa ya kubahatisha. Leo unachambua pilipili manga, kesho unakuta mwingine amevaa aproni yako. Filomena aliondolewa kwa sababu alicheka. Waliobaki wakaacha kucheka, na Scholastika akazoea kusimama wima kila aliposikia viatu nyuma yake. Alijidharau, lakini alinyamaza. Kwao Mgeta, binti yake Catherine alihangaika na kabichi ambazo mvua ikipenda inazibeba zote. Kazi hii ndiyo iliyowalisha.

Mwisho wa wiki mmoja alipanda kwao, maana Raphael, mchumba wa Catherine, alikuwa anakuja kujitambulisha pamoja na mjomba wake. Scholastika alikuwa ameinamia sufuria uani aliposikia viatu nyuma yake.

"Shikamoo, mama," Raphael akasema.

Scholastika akasimama wima, mwiko mkononi. "Shikamoo, bosi!"

Mama mkwe kumwamkia mkwe! Raphael akatazama chini, asijue aitikie au akimbie. Mjomba alidhani ni utani, akaanza kucheka, kisha akauona uso wa Scholastika, akaacha. Catherine akamshika mama yake mkono, akamwingiza ndani.

"Mama, wanakufanya nini huko?"

Scholastika alitaka kusema hakuna kitu. Badala yake akalia. "Wamenizoesha, mwanangu." Aibu ya wageni ingepita. Kilichomtisha ni kwamba neno lile lilimtoka lenyewe.

Jumatatu, Hashimu alifika mezani kwake, akasimama kungoja haki yake.

"Hujambo, mwanangu?" Scholastika akasema.

Mikono yote ikatulia juu ya pilipili.

"Unasemaje wewe?"

"Nimekujulia hali. Kuniamkia ni juu yako."

"Vua aproni. Toka."

Akaivua, akaikunja, akaiweka juu ya gunia. Kabichi bado zilikuwa changa, na hakujua wangekula nini mpaka zikomae. Aliwatazama wenzake, kila mmoja alikuwa amejiinamia, na hakumlaumu hata mmoja. Akauchukua mkoba wake, akaelekea mlangoni, Hashimu akimfuata nyuma. Safari hii alivisikia vile viatu, asigeuke.

Meza ya mwisho ilikuwa ya Zuleha, msichana ambaye miezi yote ile alikuwa akipishana naye bila kusalimiana.

"Shikamoo, mama," Zuleha akasema. Hakuinua kichwa, lakini alisema kwa sauti.

"Marahaba, mwanangu," Scholastika akaitikia.