Mdogo Wangu na Vidonge vya Kukata Njaa

Mdogo wangu anafundisha shule ya msingi huko Sikonge. Kila ninapomtaja najivuna, hata kwa habari hii ambayo wengine wangeificha.

Alipochumbiwa alikuja kwangu Tabora mjini, ambako nashona nguo, nimpime gauni la harusi. Baada ya wiki tatu gauni likampwaya. Nikalipunguza; siku alipokuja tena, likampwaya vilevile. Aliongea bila kituo, vidole vikitetemeka. Nilimpikia ugali na mlenda wa karanga, chakula alichokigombania tangu utotoni; akakitazama tu. Mchana ule alipanga vitambaa vyangu vyote kwa rangi, akavipangua, akaanza upya. Kisha akaninong'oneza kwamba walimu wenzake wameweka mtu wa kumfuatilia. Hapo nikaogopa.

Nilimuuliza anatumia nini. Alikana, mwishowe akatoa mkobani pakiti isiyo na maandishi: vidonge vya kupunguza mwili, alivyouziwa na mchuuzi sokoni, siku ya mnada.

Asubuhi yake nikampeleka hospitali. Daktari, mama wa makamo, hakumgombeza. Alimweleza kwamba dawa za aina hiyo huulazimisha ubongo kumwaga kwa wingi kemikali zake, dopamini na nyinginezo, kama vile mtu anakimbizwa na mnyama. Anayekimbizwa hakumbuki njaa wala usingizi, na kila kichaka humtisha. Ndiyo maana alianza kuwashuku wenzake.

"Simba hayupo, mwanangu," alimwambia, "ila ubongo wako haujaacha kukimbia."

Akamtahadharisha kwamba akiacha atalala mno na huzuni itamwelemea, kwa hiyo asikose kliniki kila wiki. Ikawa hivyo. Alikuja kukaa kwangu, akalala kutwa, akalia bila sababu, akasema hata harusi haimpendezi. Siku moja aliniomba nimrudishie vile vidonge. Nikamwambia viko kwa daktari. Baadaye akaomba uji.

Mchumba wake, alipoelezwa yote, alikubali harusi isogezwe mbele. Miezi ikapita, mdogo wangu akarudi darasani, mashavu yakajaa.

Siku kina mama walipokusanyika kumfunda, shangazi yetu mmoja alimtania mbele ya watu: mbona kanenepa tena, na wembamba ule ulikuwa umempendeza? Wengine wakacheka. Mimi nilitaka kumjibia. Yeye akasimama.

"Shangazi, wembamba ule ulikuwa ugonjwa. Nilikuwa silali, na wenzangu niliwaona maadui."

Akawasimulia yote, tangu mnadani hadi kliniki, kwa sauti ileile anayofundishia watoto hesabu. Hakuna aliyecheka tena. Shangazi akamshika mkono, akamwomba radhi.

Nilikwenda jikoni nipakue pilau, macho yamenilowa kwa fahari. Mgeni mmoja akanifuata, akaufunga mlango nyuma yake, akaniuliza kliniki ile hufunguliwa siku gani.