Nilisema Meli ya Ujiji Inasahaulisha Watu

Ndugu zangu, ni mimi. Ile sauti mliyoisikia kwenye simu zenu, ya mtu anayeongea kama amezibwa mdomo, ilikuwa yangu. Na mdomo niliuziba kweli, kwa kipande cha kitenge, maana mimi ni fundi cherehani pale Mwanga na vitambaa sikosi.

Nilisema uongo. Uongo wa mtu mzima mwenye miaka arobaini na minne! Majina ya watu nimeyabadilisha na langu silitaji, ingawa kwa yaliyonipata nusu ya mji wananijua.

Niwaeleze ilivyokuwa.

Ujiji kuna uwanja wa michezo ya watoto, wa bwana mmoja nitakayemwita Kassimu. Miaka yote palikuwa na bembea moja ya kuzunguka, yenye wanyama wa mbao: ng'ombe wawili, viboko watatu, punda milia, na samaki mmoja, mgebuka, mrefu wa kukaliwa na watu watatu. Sisi tuliiita Ng'ombe tu. Ilisukumwa kwa mikono na ililia kwii, kwii, mpaka ng'ambo ya barabara. Siku ya kwanza baba aliponileta mjini kutoka Simbo, tumekuja kuuza maharage, alinipandisha juu ya ng'ombe mwekundu. Sikuwa nimewahi kuona kitu kizuri namna ile! Nikakua, nikaoa, nikazaa, bado Jumapili nilikwenda kupanda. Na msidhani nilikuwa peke yangu. Tulikuwa watu wazima wengi, na ndevu zetu.

Basi Kassimu akatangaza kwamba Ng'ombe inaondolewa. Inakuja Meli.

Jamani, mngetuona! Kabla ya jua kuzama tulishaunda Kamati ya Kuitetea Ng'ombe. Mwalimu mmoja mstaafu akawa mwenyekiti, mimi katibu kwa sababu nina daftari la vipimo. Mama mmoja wa Gungu alivaa nguo nyeusi, akasema haivui mpaka kieleweke. Kijana wa bodaboda alirekodi ule mlio wa kwii akaufanya mlio wa simu yake, ikawa akipigiwa sokoni watu wazima wanafuta machozi.

Siku ya tatu tukaenda kukalia wale wanyama, tukakataa kushuka.

Kassimu alikuja na adabu zake zote. "Shikamoo mwalimu. Naomba mshuke."

"Marahaba. Hatushuki."

"Mwalimu wangu, hii bembea ni ya watoto. Hao viboko wamevunjika miguu kwa uzito wenu nyinyi."

Tukatazamana. Nikafungua mdomo nimjibu, na hapo hapo ng'ombe mwekundu akakatika chini yangu, nikaanguka chali! Watoto waliokuwa wamejazana kwenye uzio wakapiga makofi. "Me-li! Me-li! Me-li!" Na kati yao alikuwemo binti yangu mwenyewe.

Meli ikaja. Ni chuma kikubwa kimepakwa rangi ya bluu na nyeupe, kimening'inizwa kwenye nguzo, kinarushwa na injini mbele na nyuma mpaka unaliona ziwa lote liko chini ya miguu yako. Siku ya kufunguliwa kwake, Kamati nzima ilisimama nje ya uzio, imenuna.

Wa kwanza kuiacha Kamati alikuwa Bi Tausi. Huyu ni shangazi wa mke wangu, ndiye aliyemlea tangu mdogo, na anauza dagaa soko la Mwanga. Ana miaka sitini na kitu. Alijifunga khanga kiunoni akapanda, akapiga vigelegele kila Meli ilipokwenda juu. Aliposhuka alikuwa anayumba.

"Shikamoo shangazi," nikamwamkia, kwa uchungu.

"Marahaba baba. Wewe ni... ngoja kwanza. Ngoja dunia itulie." Akashika uzio, akacheka mpaka akakohoa. Halafu akanitaja jina langu vizuri kabisa, akauliza habari za nyumbani, akarudi kwenye foleni.

Ni hilo tu. Wallahi ni hilo tu!

Kesho yake mchana nikajifungia chumbani, nikaziba mdomo kwa kitenge, nikarekodi: "Ndugu wananchi, tahadhari. Ile Meli inafuta kumbukumbu. Kuna mama mmoja mzee, muuza dagaa, kashuka pale hajui wanawe ni akina nani." Mke wangu Ashura aliniita kutoka jikoni, "Ugali unapoa!" Nikanyamaza kidogo, nikamalizia, nikampa yule kijana wa bodaboda airushe kwenye magrupu. Nikaenda kula. Migebuka ya kukaanga, na niliila kwa raha.

Nilidhani watu watakimbia. Nisamehewe, nilikuwa siwajui watu.

Walikuja kama siku ya mkutano wa hadhara! Wa kwanza alikuwa mwanamume wa Gungu aliyeachwa na mchumba. Alisema yuko tayari kupanda mara nne. Mama mmoja alimleta mumewe kwa nguvu ili asahau pilau ya mama yake. Majirani wawili waliogombana miaka saba juu ya jogoo walipandishwa kwa pamoja na balozi wao wa nyumba kumi, wakashuka wameshikana mikono, eti hawajui jogoo gani. Kiongozi wa kwaya alipanda ili asahau wimbo ulioharibika mbele ya wageni. Wanafunzi nao wakashuka hawaijui hesabu ya kugawanya, mwalimu wao akasema hata kabla hawakuijua.

Kassimu haelewi kitu, anafurahi tu. Akaamua kujenga Meli ya pili. Na chuma cha kujengea? Akakata nguzo na mhimili wa Ng'ombe.

Mwenyekiti alipomfuata analia, Kassimu alishangaa. "Mwalimu, mimi nilikuwa nimewawekea nyinyi! Nilishapata kiwanja Gungu, niisimamishe kule wakubwa mpande kwa nafasi. Lakini kwa umati huu ningefanyaje?"

Nilikuwepo. Nilisikia kwa masikio yangu. Nikageuka nikaenda kusimama nyuma ya choo cha uwanja, nikalia kama mtoto.

Lakini hilo lilikuwa dogo. Ni mama gani mzee anayeuza dagaa pale Mwanga, na alionekana na watu wote akiyumba? Kila mtu alijua ni Bi Tausi. Wapita njia wakaanza kusimama mbele ya ungo wake. "Bi Tausi, mimi ni nani?" Mwanzoni alicheka, akawataja na ukoo wao. Lakini ukiulizwa hivyo mara arobaini kwa siku, lazima siku moja umtaje mtu kwa jina la kaka yake. Akamtaja. Basi! "Mmeona? Ni kweli!" Wateja wakaanza kujipimia dagaa wenyewe mbele yake, polepole, kama wanamfundisha mtoto. Wanawe wakamnyang'anya kiberiti asije akachoma nyumba. Wiki ya tatu hakwenda sokoni. Alikaa ndani, amejifunika khanga, anajitajia majina ya wajukuu kwa sauti ndogo, kuhakikisha.

Mimi nilijua hayo yote. Na nilinyamaza! Hapo ndipo dhambi yangu ilipo, zaidi hata ya ule uongo wenyewe.

Jioni moja Ashura akaja mlangoni kwetu. "Hodi."

"Mbona unabisha hodi kwako?"

"Samahani kaka. Hapa ni kwa nani?"

Nikacheka. Yeye hakucheka.

"Ashura, mimi ni mumeo."

"Wee! Kumbe nimeolewa? Na aliyenioza alikuwa na akili timamu?"

"Acha utani mke wangu."

"Si utani kaka. Nimetoka kupanda Meli. Hujasikia inavyosahaulisha watu?" Akanitazama machoni. "Au wewe unasema si kweli?"

Pale ndipo pa kusema. Mlango ulikuwa wazi kabisa. Nikajibu, "Nimesikia."

"Basi," akasema. Akaingia, akafunga nguo zake, akaenda kukaa kwa shangazi yake. Binti yetu akaenda naye. Hakumsahau binti hata dakika moja! Nilipouliza ilikuwaje akamkumbuka mtoto akanisahau mimi, alijibu kwa upole kwamba mambo ya kitaalamu hayajui.

Majirani walinijia na sukari, kama kwenye msiba. Rafiki yangu mmoja alinivuta pembeni akauliza kama mke anapanda mara moja au inabidi arudie.

Baada ya siku tano Ashura akaja kwenye kibanda changu, ana kitenge kipya mkononi. "Fundi, habari za kazi. Mimi mgeni. Naomba unishonee gauni."

Nikachukua daftari, nikaandika vipimo vyake vyote bila kumgusa.

"Mbona hukunipima? Vipimo vyangu umevijuaje?"

"Nimekushonea miaka kumi na tisa, Ashura."

Akakikunjua kile kitenge, akakikunja upya. Halafu akasema, "Pole fundi. Inaonekana huyo mtu ulikuwa unampenda. Sijui ulimfanyia nini." Akaondoka, akaacha kitambaa.

Cherehani haikwenda siku ile. Nilifunga kibanda mchana kweupe, nikapanda bodaboda mpaka kwa Bi Tausi. Nilimkuta amekaa kwenye mkeka, Ashura anamsuka.

"Mwakeye shangazi," nikamwamkia kwa Kiha, lugha ya nyumbani. Nikapiga magoti. "Ile sauti ni yangu. Hukusahau kitu. Nilikuzushia, kwa ajili ya bembea!"

Bi Tausi hakushtuka hata kidogo. "Tunajua."

Ashura akachukua simu akaicheza ile sauti. Ndugu wananchi, tahadhari... Na nyuma yake, wazi kama kengele, sauti ya mwanamke: "Ugali unapoa!"

"Mji mzima umenisikia nikikuita kula," Ashura akasema. "Mimi niliitambua sauti yangu wiki ya tatu. Nikasema ngoja nione utamwacha shangazi yangu mpaka lini."

Bi Tausi aliongea taratibu. "Mwanangu, unajua kilichoniuma? Si watu kunicheka. Kuna asubuhi niliamka, nikaamini. Nilikaa kitandani najiuliza kama kweli nimeanza kupotea."

Nikamwomba anipe adhabu.

Adhabu aliyonipa ni hii: nisimame kando ya ungo wake wiki mbili, na kila anayepita nimwambie mwenyewe. Nikasimama. "Ndugu, nilisema uongo, Bi Tausi ana akili kuliko sisi sote." Mnajua watu walinijibu nini? "Masikini fundi. Naye kapanda!" Yule mwanamume wa Gungu alinikaba shati. "Mimi nimemsahau kabisa Rehema, wewe unataka nimkumbuke?" Wale wa jogoo wameanza kugombana upya na wanasema ni kwa sababu yangu. Kamati ilinifukuza, kisha ikajifuta, maana hakuna tena cha kutetea.

Bi Tausi amerudi sokoni na anauza vizuri. Lakini wapo wateja ambao bado wanahesabu kwa sauti mbele yake, na kila nikiwasikia nageuza uso. Ashura amerudi nyumbani. Hakurudi siku ile. Alirudi gauni lilipokwisha, na nililirudia mara tatu mpaka akaliridhia.

Jumapili iliyopita Bi Tausi akaniambia, "Sasa twende ukapande ulichokitukana." Sikuthubutu kukataa. Nilikaa kati yake na Ashura, macho nimeyafumba. Ikaenda nyuma, ikaenda mbele, ikapaa. Nikafumbua. Ziwa lote, mpaka milima ya Kongo ng'ambo, limelala chini ya viatu vyangu! Nikapiga kelele kama kichaa, Bi Tausi anapiga vigelegele, Ashura amenishika mkono.

Na Mungu anisamehe, ni tamu. Ni tamu kuliko Ng'ombe mara kumi!

Ndugu zangu, kitu mnachokipenda kikiondolewa, lieni, nuneni, vaeni hata nyeusi. Lakini msimpake mtu matope kwa ajili ya kitu ambacho hamjakipanda hata mara moja.