Poda ya Mention Honorable

Afadhali mnisikie mimi mwenyewe kabla hamjasikia kwa Maman Béa, maana yule akisimulia kitu anakitia chumvi mpaka hakiliki. Ndiyo, ukumbi mzima wa watu wenye suti na lulu shingoni ulitolewa nje kwenye baridi ya Brussels bila koti hata moja, na chanzo ni mimi. Ndiyo, pompiers, watu wa zimamoto, walikuja na gari lao likilia. Na yule mama wa kwenye video mnayotumiana WhatsApp, mwenye pagne ya kijani, yaani kitenge, na kopo la poda mkononi, anayeruka na kupiga kelele "Premier! Premier!" ndiye mimi, Sifa, binti wa Bukavu, mtu wa kanisa. Mwenye kucheka acheke sasa amalize, halafu tuendelee.

Mnajua kazi yangu ni kutunza wazee nyumbani kwao. Mmoja wao ni Madame Lieve, anakaa Berchem-Sainte-Agathe, amepita miaka tisini, miguu imegoma lakini ulimi unakimbia (ukimletea kahawa ya baridi utajua). Kwenye korido ya nyumba yake, jirani kabisa na mlango wa choo, palikuwa na picha kubwa ya rangi: ng'ombe watatu wanakunywa maji mtoni, na mmoja amegeuza kichwa anakutazama kama mama mkwe aliyekukuta unalala mchana. Mimi niliipenda tangu siku ya kwanza, ilinikumbusha ng'ombe wa Masisi, na kila nikipita nilimsalimia yule mmoja. Siku moja Madame akanisikia nasalimiana na ng'ombe, akacheka mpaka akakohoa, ndipo akanipa habari yake.

Picha ile aliichora baba wa babu yake, ambaye mimi nitamwita Mzee tu. Katika karne ya kumi na tisa, zamani za farasi na kofia ndefu, hapa Brussels palifanywa maonyesho makubwa ya picha, wachoraji wakaja kutoka nchi nyingi, na waamuzi wakapita wakigawa medali. Mzee akapeleka ng'ombe wake, na alivyokuwa na hakika ya dhahabu, mke wake alishachinja bata wa kusherehekea. Waamuzi wakampa mention honorable, yaani zawadi ya kumwambia mtu "tumekuona, asante, pita." Tena mention zilisomwa mwisho kabisa, watu wameshainuka wanavaa makoti, jina la Mzee likaitwa katikati ya vishindo vya viti na hakuna aliyepiga kofi. Mzee akarudi nyumbani akamla bata peke yake kwa hasira, akaigeuza picha iangalie ukuta. Toka hapo, katika ukoo ule, mtoto akianguka na baiskeli wanamwambia "mention honorable!", supu ikiungua "mention honorable!", na vizazi vikapita hivyohivyo mpaka ng'ombe wakaishia karibu na choo.

Bon. Mwaka huu musée moja, nyumba ya makumbusho ya hapa mjini, ikakusanya picha za maonyesho yale ya zamani, zile zilizopatikana, ikawaomba wageni wachague upya wanazozipenda: medali ya dhahabu, medali ya fedha, na mention, kama enzi zile. Madame akawaazima ng'ombe. Asubuhi moja nikiwa namvalisha soksi akaniambia, "Sifa, sitaki dhahabu. Nataka jina lake liitwe mara moja tu na watu wapige makofi, na mimi niwe nimekaa palepale nasikia. Basi. Nikifa nitakuwa na la kumwambia." Nikamjibu kwamba mambo ya kufa hayasemwi kabla ya kahawa, lakini moyoni liliniingia. Wiki ile niliwahubiria ng'ombe kila saluni ya Galerie d'Ixelles, wanawake wakiwa chini ya mashine za kukausha nywele hawana pa kukimbilia, na wengine walikwenda kweli kupiga kura.

Halafu musée wakapiga simu: ng'ombe wamo katika zile picha tatu. Zawadi gani, hawasemi, mtasikia Jumamosi mchana. Madame aje na mtu mmoja wa kumsindikiza.

Nikamuuliza Madame nani mwingine wa ukoo atakuja. Akasema labda Luc, mpwa wake (mtu mzuri, lakini kicheko chake hutoka kwa ruhusa maalumu). Nikaona vibaya. Kwetu mtu akienda kutangazwa kwenye proclamation, siku ya kusomwa matokeo, anakwenda na ukoo wote, na majirani, na majirani wa majirani. Mshindi kukaa peke yake kama anangoja tramu? Hapo ndipo nilipochukua uamuzi mdogo, mdogo kabisa, wa kumpigia Maman Béa, kiongozi wa kwaya yetu ya Schaerbeek.

"Maman Béa, Madame yangu iko na proclamation samedi, na hana bantu."

"Hana bantu namna gani? Na siye tuko nini?"

"Lakini ba musée balisema muntu moja tu wa kumusindikiza."

"Bon, ule muntu moja ni weye. Siye hatuko bantu, siye tuko chorale."

Mngejibu nini hapo? Nikasema sawa, na kabla ya kukata simu nikaongeza: "Na poudre, musisahau."

Kwa msiojua desturi ya kwetu (nasikia Watanzania humu mnaguna): Congo mtu akishinda mtihani hatumwambii hongera tukaishia hapo. Tunammwagia poda kichwani, ile poda nyeupe ya watoto, mpaka awe mweupe, atembee mtaa mzima hivyo, kila mtu aone kwamba huyu amepita. Bila poda umeshinda, ndiyo, lakini nani ameona? Mimi nilifikiria kopo moja, la kumgusia Madame kidogo kwenye paji la uso. Maman Béa akapitisha neno kwenye kwaya, na kila mama akaona aibu kwenda mikono mitupu, kila mmoja akapita dukani akachukua kopo lake. Hilo sikulijua. Naapa sikulijua.

Jumamosi tukafika. Mimi nasukuma kiti cha magurudumu, Madame amevaa kola ya manyoya na rangi ya mdomo, nyuma yetu kwaya nzima kwa pagne ya kijani ya Pasaka. Mlangoni nilianza kutunga uongo, haukuhitajika: directrice, mkuu wa musée, mama mmoja mrembo mwenye miwani myekundu, alipotuona akashika kifua, "Ah, une chorale! Nani kafikiria jambo zuri hivi?" Akadhani tumeletwa kutumbuiza. Akatupanga mbele kabisa, pembeni ya jukwaa. Makoti yakachukuliwa vestiaire, chumba cha kutunzia makoti. Luc alikuwepo, akatutazama, akasogeza kiti chake kidogo upande wa pili.

Ukumbi ule, namshukuru Mungu, haukuwa na picha za rangi, zilikuwa vyumba vya ndani. Palikuwa na viti, maua, na kichwa cha jiwe cha bwana mmoja mwenye ndevu. Directrice akahutubia. Akashukuru, akaeleza, akashukuru tena. Mkono wa Madame ulikuwa ndani ya wangu. Hatimaye akafungua bahasha, akavuta pumzi, na jina la kwanza kabisa alilolisoma lilikuwa la Mzee.

Sasa nisikilizeni vizuri, maana hapa ndipo ninapojitetea. Kwenye proclamation za kwetu, shuleni na chuoni, anayeitwa kwanza ndiye wa kwanza! Wanaanza juu wanashuka, na kadiri wanavyoshuka ndivyo wazazi wanavyoinamisha vichwa. Na Madame mwenyewe si ndiye aliyeniambia kwamba zamani mention zilisomwa mwisho? Kwa hiyo jina la Mzee lilipoitwa, kichwani mwangu kulikuwa na neno moja tu, dhahabu. Directrice alikuwa bado amefungua mdomo kuendelea, mimi nilishakuwa hewani.

"Premier! Premiiier!"

Kwaya ilikuwa ikingoja hilo tu. Vigelegele vikapanda mpaka dari, Maman Béa akatoa sauti ambayo kanisani tunamwomba aipunguze, wimbo ukaanza, miguu ikaanza. Nikatoa kopo langu nikamgusia Madame paji la uso, kidogo, kwa heshima. Nikageuka. Nikaona makopo. Jamani! Mikono yote ya kijani juu na kila mkono una kopo, na kabla sijasema "bamama, doucement, polepole", poda ikashuka kama ukungu wa Kivu asubuhi. Madame akawa mweupe. Luc akawa mweupe. Directrice alikuja mbio kutuliza mambo, akawa mweupe pamoja na miwani yake. Yule bwana wa jiwe alikuwa mweupe tangu zamani, hakuna aliyeona tofauti.

Wingu likapanda polepole mpaka juu, likakutana na kile kidude cha dari kinachonusa moshi.

Mlio ule sitausahau. Taa zikawaka nyekundu, sauti ya mashine ikatuamuru kutoka kwa Kifaransa, Kiflamanda na Kiingereza, walinzi wakatufukuza kwa milango ya pembeni, na ukienda kwa mlango wa pembeni hupiti vestiaire. Kwa hiyo fikirieni: waheshimiwa wote kwenye trottoir, kando ya barabara, mabega ya mabibi wazi, upepo unakata, sisi kwaya katikati ya wote tukikumbatia makopo yetu matupu. Pompier mmoja akashuka na kofia yake ya chuma, akamkuta directrice mweupe kutoka kichwa hadi viatu.

"Madame, nini kinaungua?"

Directrice akafuta miwani kwa kidole. "Hakuna kinachoungua," akasema. "Ni mention honorable."

Mimi nilisikia lakini sikuelewa. Luc ndiye aliyenielewesha, akijipangusa mabega, kwa sauti ya chini, tena bila ubaya, ndiyo iliyoniumiza zaidi. "Sifa, siku hizi huku wanaanza kusoma kutoka chini. Dhahabu inasomwa mwisho. Babu amepata mention. Tena."

Wenzangu, niliona aibu mpaka masikio yakawa moto kwenye baridi ile. Si aibu ya kengele, wala ya pompiers. Niliona aibu kwa ajili ya Madame. Siku moja aliyoingoja maisha yake yote, mimi nimeigeuza vichekesho, nimemvisha Mzee taji ambalo si lake mbele ya watu, na jina lake limekuwa utani kwa mara ya pili. Nikaenda kupiga magoti karibu na kiti chake. Maman Béa alikuwa amemvua mmoja wa kwaya kitambaa amemfunika Madame nacho miguu. Machozi yake yalikuwa yamechora mistari kwenye poda. Nikaanza, "Madame, nisamehe, mimi nilidhani..."

"Nilijua," akasema.

"Ulijua?"

"Mimi ni mtu wa hapa, Sifa. Nilijua alipotaja jina tu. Nilitaka kukuambia, lakini ulikuwa umesharuka." Ndipo nikaona kwamba alikuwa analia kwa kucheka, mabega yanapanda na kushuka, poda inamdondoka. Akanivuta karibu. "Siku ile walipolisoma jina lake, watu walikuwa wanavaa makoti waende zao. Tazama leo."

Nikatazama. Trottoir yote imejaa, hakuna hata mtu mmoja mwenye koti, na hakuna aliyekuwa anaondoka.

Wakaanza kupiga makofi, sijui nani alianza, labda kwa ajili ya kujipasha joto, lakini walipiga, na Madame akawa anainamisha kichwa kulia na kushoto kama malkia. Directrice akaona heri amalizie palepale, akasoma fedha na dhahabu kwa kupiga kelele, tramu ikapita katikati ya dhahabu, ikabidi arudie. Wa ukoo wa mchoraji aliyepata dhahabu alikuwa bwana mrefu mwenye suti, amesimama peke yake, anatetemeka, hana pa kuweka mikono. Maman Béa akamtazama akatikisa kichwa.

"Papa ule anashinda hivi, bila muntu? Hapana, haiko muzuri." Akagonga makopo moja baada ya jingine mpaka akapata lenye kitu ndani, akamfuata. "Papa, pole, inama kidogo."

Na yule bwana, naapa, akainama.

Picha imesharudi Berchem, lakini si koridoni. Iko sebuleni juu ya televisheni, na Luc ndiye aliyepigilia msumari. Kopo langu limewekwa chini yake kwenye rafu, Madame hataki nilipanguse. Wiki iliyopita supu iliniungua, nikasikia kutoka chumbani, "Mention honorable!" na kabla sijaomba radhi akaongeza, "Lete poda!"

Mimi nimeapa. Popote nitakapoalikwa penye kugawa zawadi, sitavua hata koti kabla sijauliza wanaanza kusoma juu au chini. Hilo koti lenyewe pia siliachi tena vestiaire.