Jina la Aleksandra halitaki kufutika

Jua limeshapasha moto mchanga wa Lituhi, na Cleopa anakwangua ubavu wa mtumbwi wa Damiano kwa kipande cha chupa. Anakwangua, anapuliza vumbi, anainama kutazama. Herufi bado zinasomeka: KRU ALEKSANDRA.

"Rangi nzuri hii," anasema kwa uchungu. "Niliichanganya mwenyewe."

Cleopa huchora majina ya mitumbwi kwa shilingi mia tano, au ndoo ya dagaa wa usipa mwenye mtumbwi akiwa mkono mtupu. Wavuvi wa hapa hawaupi mtumbwi jina la mtu. Ziwa likishalijua jina lako, wanasema, siku moja litakuita. Zamani waliandika majina ya ndege na milima, hadi yakaisha.

Ilipokuja ruksa ya kuagiza bidhaa nje, maduka yakajaa rangi na redio, naye akanunua vyote viwili. Kila Jumamosi husikiliza matokeo ya mpira wa Uingereza, hasa madaraja ya chini, ambako timu zina majina ambayo hata mama mwenye hasira hampi mwanawe. Partick Thistle inavua usipa. Plymouth Argyle ilitoboka ikazibwa. Damiano alipewa timu ya Kru Aleksandra. Stenhousemuir ilitafutiwa mtumbwi mrefu, maana kwa mfupi ingeishia majini.

"Niliona majina hayo hayana mwenyewe," anasema. "Ziwa litamwita nani, Stenhousemuir?"

Kisha mkamwana wake, Hilda, akajifungua mtoto wa kike. Alikuwa akilisoma jina la mtumbwi wa Damiano kila akienda kuchota maji, akalipenda. Siku ya ubatizo Cleopa alikuwa Mbinga kununua brashi. Aliporudi, pilau imeshaliwa na mtoto ameshakuwa Aleksandra.

Tangu hapo mtoto ana homa inayokuja na kuondoka. Zahanati imetoa dawa. Hilda anasema homa hupanda kila mtumbwi wa Damiano uwapo ziwani.

"Mimi siamini mambo hayo, baba," anamwambia mkwewe, huku akimfunika mtoto zaidi. "Lakini ufukweni simleti."

Kasisi alimjibu Cleopa kwamba ubatizo haukwanguliwi. Ikabaki kumwangukia Damiano.

"Mzee Cleopa, mtoto hajanilisha hata siku moja. Mtumbwi huu unanilisha. Mwiteni Asteria, yaishe."

"Angekuwa wako ungesema hivyo?"

Damiano anatazama maji. "Haya, futa hilo la mtoto. Kru niachie. Lakini jioni naingia ziwani."

Jioni inakaribia. Cleopa amepaka buluu juu ya jina. Inapokauka, A inachungulia, kisha L, kisha zote. Kopo limekwisha, na dukani kwa Ignatio rangi haiji hadi Alhamisi. Wavuvi wanateremka na makasia.

Cleopa anaweka brashi chini, anapanda mtumbwini na kukaa.

"Shuka, mzee," anasema Damiano.

"Sukumeni na mimi. Kuogelea sijui, kwa hiyo mtakuwa na kazi mbili."

Wavuvi wanacheka. Damiano hacheki. Anasikiliza kilio cha mtoto kutoka nyumba ya juu, kisha anachomeka kasia lake mchangani.

"Hadi Alhamisi," anasema. "Baada ya hapo nitakuvua wewe."

Cleopa ana mpango. Atapaka rangi mara mbili, kisha Jumamosi atasikiliza redio. Ila sasa kila jina atalipeleka kwanza kwa kasisi, aulize kama kuna binadamu aliyewahi kuitwa hivyo.

"Natafuta timu isiyo na mtu ndani yake," anasema, na bado hajashuka.